Silaha Inayofika: Kuchagua Silaha na Mbinu za Roboti ya Mapambano

Mabibi na mabwana, mafundi, na nyinyi mliokuja na michoro yenu mkononi,

Kila mjenzi mpya wa roboti ya mapambano huanza na swali moja: silaha ipi ina nguvu kuliko zote? Si swali baya, ila limeruka zamu yake. Nguvu siku hizi haina shida kupatikana. Mota ndogo isiyo na brashi, yenye uzito wa gramu 60 tu, inaweza kuzungusha diski ya chuma mpaka ikararua alumini. Kinachowashinda wengi ni kuifikisha nguvu hiyo kwenye mwili wa mpinzani kabla haijapotelea njiani, kisha kubaki wima baada ya pigo. Basi leo tuanze na safari ya pigo lenyewe, kutoka kwenye betri hadi kwenye bati la adui, tuone linavuja wapi. Aina ya silaha tutaifikia humo humo njiani.

Mfano wetu utakuwa roboti ya kilo 1.36, yaani pauni 3, daraja ambalo Marekani hupewa jina la mende. Uingereza daraja lake la jirani ni kilo 1.5. Juu kabisa kuna mazito ya kilo 110 kule Uingereza na pauni 250, kama kilo 113, kule Marekani. Fizikia ni ile ile kotekote. Kinachobadilika ni unene wa kuta za uwanja na ukubwa wa majuto.

Tugawe kwanza gramu zetu, maana mizani haina huruma. Silaha nzima na mota yake, gramu 400. Mota mbili za magurudumu pamoja na magurudumu yenyewe, 220. Betri 110. Vifaa vya umeme na nyaya, 90. Fremu 280. Siraha ya nje, yaani mabati ya kinga, na uma za mbele, 220. Hapo tumefika 1,320, zimebaki 40. Hizo 40 msiziguse mpaka siku ya kupimwa, kwa sababu bolti, gundi, tepu na risasi ya lehemu havionekani kwenye mchoro lakini kwenye mizani vinaonekana vizuri sana.

Katika zile gramu 400, tuseme diski yenyewe ina gramu 300 na nusu kipenyo cha milimita 60. Ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, inabeba karibu jouli 296, na ncha ya jino lake inakimbia mita 63 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Mkitaka kuuona uzito wa namba hiyo, ni sawa na jiwe la kilo 1 lililodondoka kutoka mita 30. Ukibadilisha diski hiyo kwa bapa refu la milimita 200 lenye uzito ule ule, unapata jouli 350 kwa mizunguko 8,000 tu. Bapa linashinda kwa sababu uzito wake umekaa mbali na kitovu. Ndiyo maana gramu iliyo karibu na shafti ni gramu ya hasara: itoboeni, ikateni, muipeleke nje kwenye jino.

Mpaka hapa kila mtu anafurahi. Sasa tuingie kwenye uvujaji.

Uvujaji wa kwanza ni jino kutopata nafasi ya kuuma. Jino likishapita mbele, mpinzani anasogea kidogo kabla jino linalofuata halijafika. Umbali huo anaosogea ndio kina cha mng'ato; zaidi ya hapo jino haliingii. Hesabu yake ni nyepesi: kasi mnayokaribiana, gawanya kwa idadi ya meno yanayopita kila sekunde. Diski yetu ya mizunguko 10,000 inapita mara 167 kwa sekunde. Ikiwa na jino moja, na mnakaribiana kwa mita 3 kwa sekunde, mng'ato ni milimita 18. Ikiwa na meno mawili, ni 9. Sasa tuseme dereva ameogopa, amenyata kwa mita 1 kwa sekunde huku ana meno mawili: zinabaki milimita 3. Milimita 3 juu ya kabari laini ya titani, yaani ule uso wa mteremko unaomkinga mpinzani, ni kukwaruza tu. Cheche zinaruka, watazamaji wanapiga kelele, na mpinzani hana habari.

Kutokana na hesabu hiyo mnapata mambo matatu ya kufanya. La kwanza ni kutumia jino moja, na upande wa pili kuweka uzito wa kusawazisha usio na ncha. La pili ni kuongeza mwendo pale mnapokaribia kugusana badala ya kuupunguza. Mguu wa breki unaua silaha kuliko siraha ya mpinzani. La tatu wajenzi wengi hulikataa mpaka waumie: punguzeni mizunguko. Diski ile ile kwa mizunguko 7,000 inabaki na jouli 145, nusu hivi ya zile za awali, lakini mng'ato wake kwa mita 3 kwa sekunde unafika karibu milimita 26. Jouli 145 zilizoingia zote ni bora kuliko 296 zilizoteleza. Gongo la kasi kwenye rimoti limewekwa ili mlichague, si ili mlisukume mpaka mwisho kila mara.

Uvujaji wa pili unamhusu mwenye silaha ya wima, yaani diski inayozunguka kama gurudumu la baiskeli. Mmewahi kushika pia ya kuchezea inayozunguka mkajaribu kuilaza? Inakataa, na inakusukuma upande ambao hukuutarajia. Diski ya wima ni pia kubwa iliyofungwa ndani ya roboti yako. Ukikata kona, roboti inainua gurudumu la upande mmoja. Tupige hesabu kwa mashine yetu. Upana kati ya magurudumu tuseme ni milimita 160. Uzito wake unaweza kupinga msokoto wa niutoni-mita 1.07 tu kabla gurudumu halijaacha sakafu. Diski ya mizunguko 10,000 inafikisha msokoto huo roboti inapogeuka kwa kasi ya digrii 108 kwa sekunde. Maana yake, kugeuka nyuma kabisa kunahitaji sekunde 1.7 nzima, na mpinzani mwenye mita 3 kwa sekunde ameshakuzunguka zamani. Shusheni hadi 7,000, na kikomo kinapanda hadi digrii 154. Tanueni upana hadi milimita 200 kwa mizunguko ile ya 10,000, mnapata 135. Kwa hiyo upana wa roboti ya wima ni sehemu ya silaha yake. Mtu anayebana magurudumu ndani ili aokoe gramu 15 amejifunga kamba miguuni.

Sasa, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Pigo lolote unalotoa, unalipokea wewe pia kwa kiasi kile kile. Tofauti ni linakwenda wapi. Diski ya wima hupiga kuelekea juu, kwa hiyo mrejesho unakusukuma chini, kwenye sakafu, na sakafu haiendi popote. Mpinzani anaruka, wewe unabaki. Bapa la mlalo hupiga kwa ubavu. Mrejesho unakutupa wewe upande wa pili, pengine mpaka ukutani, na wakati huo bapa lako lingali linazunguka. Ukuta utalipokea. Mapambano mengi ya bapa la mlalo humalizwa na pigo la pili ambalo roboti imejipiga yenyewe.

Hii ndiyo sababu kubwa ya silaha ya wima kutawala. Katika BattleBots, shindano la televisheni la Marekani, roboti Bite Force ilitwaa ubingwa 2015, 2018 na 2019 ikiwa na silaha ya wima. Hata hivyo Tombstone, ambayo si kitu ila bapa zito la mlalo, mota na magurudumu mawili, ilitwaa 2016. Mlalo unaweza kushinda. Lakini unashinda kwa kutoa pigo kubwa mapema, na unahitaji fremu inayostahimili kutupwa huku na huko. Asiye na fremu hiyo asichague mlalo.

Ndugu wa diski ya wima ni pipa: silinda pana yenye meno. Kwa sababu ni fupi kwa nusu kipenyo, huzungushwa kwa kasi zaidi, na mng'ato wake huwa mdogo, lakini upana wake unasamehe dereva asiyelenga vizuri. Kwa dereva mpya, pipa au diski nene ni chaguo la busara. Ndugu wa bapa la mlalo ni mfyekaji, yaani bapa lililofungwa chini kabisa, milimita chache juu ya sakafu. Kazi yake ni kukata magurudumu na kupita chini ya siraha. Adui wake mkubwa ni sakafu yenyewe: roboti ikiinamia mbele kidogo, bapa linagusa chini na mashine nzima inaruka.

Halafu kuna gamba zima linalozunguka, roboti iliyovaa silaha yake kama kobe. Haina upande dhaifu, na nishati yake ni kubwa mno. Blendo, ya Jamie Hyneman, iliingia uwanjani San Francisco 1995 na vipande vikaanza kuruka nje ya kuta, hadi ikaombwa ijitoe kwa usalama wa watazamaji. Kwa kujenga, ni ngumu kuliko zote: ndani ya gamba hamna nafasi, redio inapambana na chuma kilichoizunguka, na ikipinduliwa kichwa chini mara nyingi ndiyo basi.

Mikono ya gesi ya kupindua ni ulimwengu mwingine. Chaos 2 ya Uingereza ilikuwa bingwa wa shindano la Robot Wars mara mbili mfululizo kwa mkono wa namna hiyo, ikiwarusha wapinzani nje ya uwanja. Kaboni dioksidi ndani ya chupa, kwenye nyuzijoto 20, ina shinikizo la baa 57. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 hapo inasukuma kwa niutoni 11,000, kama uzito wa tani moja na kitu. Ila kila pigo linanyonya joto la gesi iliyobaki. Chupa ikishuka hadi nyuzijoto 0, shinikizo ni baa 35, na mkono wako umepoteza karibu sehemu mbili kati ya tano za nguvu zake, tuseme asilimia 39. Mbinu inafuata hapo hapo: mapigo ya mapema yawe yale muhimu, na usipige hewani kwa mbwembwe. Kwa mwendo mmoja wa silinda wa milimita 100, kwenye karatasi, unatumia karibu gramu 40 za gesi. Wanaocheza daraja dogo wasihangaike na chupa. Mkono wa kuinua unaoendeshwa na mota ya gia unatosha kumlaza mtu mgongo, na haupoi.

Nyundo na makoleo ya kubana nayapitia haraka. Nyundo ina nusu duara tu ya kujipatia kasi, na ikianguka inainua mbele ya roboti yake yenyewe. Koleo la haidroliki likishika halibanduki, lakini lishike kwanza, na mpinzani hatasimama akikungoja. Moto ni mapambo, isipokuwa kwa nyaya zilizoachwa wazi.

Kabla hamjapenda silaha yoyote, someni sheria za shindano mnaloendea. Mashindano mengi hukataza kuvuruga redio, vilipuzi, vimiminika, na vitu vya kunasa kama nyavu, ingawa kwa nyavu kuna tofauti. BattleBots imeweka kikomo cha kasi ya ncha ya silaha: maili 250 kwa saa, karibu mita 112 kwa sekunde. Sheria nyingi pia zinataka silaha inayozunguka isimame ndani ya sekunde 60 baada ya kuzimwa. Diski inayoning'inia kwenye beringi nzuri bila breki inaweza kupitisha muda huo, kwa hiyo breki iwekwe kwenye kontrola ya mota mapema, si asubuhi ya ukaguzi.

Sasa sakafuni. Roboti mbili za wima zikikutana uso kwa uso, aliye chini ya mwenzake ndiye atakayepiga. Hapa ndipo uma za mbele zinapoingia: vipande viwili au vinne vya chuma kigumu, unene milimita 3, vinavyotangulia mbele ya jino kwa milimita 20 hadi 40 na kuchonga njia chini ya mpinzani. Uma ziwe na bawaba na ziangukie sakafu kwa uzito wake zenyewe. Uma iliyofungwa kaza inakuwa sawa mezani pako, lakini sakafu ya uwanja ina viungo na mashimo ya mapambano ya jana. Itajikita kwenye kiungo na roboti itasimama ghafla, silaha ya mwenzako ikiwa sentimita 10 mbele yako. Noeni ncha kwa pembe kali, kisha pitisheni tupa upande wa chini kidogo tu ili iteleze juu ya viungo. Tupa hiyo iwe mkobani. Ncha hupoteza makali katika kila pambano.

Lakini uma hizo hizo mbele ya bapa la mlalo ni meno ya mtoto. Zitakunjwa au kung'olewa katika pigo la kwanza. Kwa hiyo jengeni nyuso mbili za mbele zinazobadilishwa kwa bolti nne: moja ya uma dhidi ya silaha za wima na mikono ya kupindua, nyingine kabari nzima, nene, isiyo na kona ya kushika, dhidi ya mlalo na mfyekaji. Kwa daraja letu kabari ya titani ya milimita 3 inafaa. Ukingo wake wa chini uguse sakafu bila upenyo, maana mfyekaji anatafuta upenyo huo huo. Na vichwa vya bolti visiwe usoni. Bolti iliyochomoza milimita 4 inampa jino la mpinzani mahali pa kushika ambapo titani ilimnyima.

Mbinu zinakwenda na saa. Kwenye uwanja wa mita 2.4, roboti ya mita 3 kwa sekunde inavuka kutoka ukuta hadi ukuta kwa sekunde 0.8. Diski yetu, ikisukumwa kwa wati 200 halisi, inahitaji sekunde 1.5 kufikia jouli zake 296. Kuna pengo la zaidi ya nusu sekunde, na ndani ya pengo hilo mwenye kabari anashinda au anashindwa. Ukiwa na kabari, kengele ikilia nenda moja kwa moja, mgonge kabla hajakolea, kisha mng'ang'anie. Usirudi nyuma kujipanga. Kurudi nyuma ni kumpa zile sekunde alizokuwa anaziomba. Msukume mpaka ukutani, silaha yake ipige ukuta au isimame.

Ukiwa wewe ndiye mwenye silaha ya kuzunguka, kinyume chake. Usitoke kwa mstari ulionyooka kumfuata. Washa silaha, sogea pembeni kwa mkunjo mpana usiovuka kikomo chako cha kugeuka, na uendelee kumtazama. Dereva wa wima akishafikiwa mgongoni amepoteza. Kama hajui ageukie wapi, arudi nyuma moja kwa moja huku uso ukiwa mbele. Ukipata nafasi ya ubavu wa mpinzani, lenga gurudumu kabla ya kitu kingine. Siraha inaweza kuchukua mapigo kumi, gurudumu lililong'oka huchukua moja, na roboti isiyoweza kusogea huhesabiwa hadi 10 na mchezo umekwisha.

Dhidi ya mkono wa kupindua, ogopa kuta kuliko mkono. Katikati ya uwanja kupinduliwa ni usumbufu, na kama magurudumu yako ni marefu kuliko mwili, hata usumbufu si mkubwa: unaendelea kichwa chini. Hakikisheni tu rimoti ina swichi ya kugeuza mwendo, maana roboti iliyopinduka ukiisukuma mbele huenda nyuma, na vidole havijifunzi hilo katikati ya pambano. Waamuzi, pambano likiisha bila mshindi, hutazama uharibifu, uchokozi na udhibiti. Anayekimbia pembeni akisubiri muda uishe hupoteza viwili kati ya hivyo hata kama hajakwaruzwa.

Tuingie ndani ya mashine, sehemu ambayo mapambano hupotea kabla kengele haijalia.

Shafti ya silaha isizunguke. Ifungeni kwenye kuta mbili za fremu, iwe nguzo inayozishika pamoja, na diski izunguke juu yake kwa beringi zake. Shafti inayozunguka ikipinda nusu milimita, kila kitu kinatetemeka na mota inakula umeme bure. Beringi nazo zichunguzeni kwa kidole: zungusha polepole, na ukisikia vijitundu, kama kokoto ndani, mipira imechimba njia yake kwa mshtuko. Itupeni. Haitapona kwa mafuta.

Mota iliyofungwa moja kwa moja ndani ya silaha ni nzuri kwa uzito, lakini kila pigo linaipata yenyewe. Sumaku zake hubanduka na kukwama. Zipakeni epoksi kabla ya pambano la kwanza. Mkanda wa mviringo kati ya puli mbili huteleza wakati wa pigo, na kuteleza huko ndiko kunakoinusuru mota. Mkanda wenye meno hauruhusu kuteleza. Badala yake unaruka au unanyolewa meno. Msikaze mkanda wa mviringo kupita kiasi kwa kuona aibu ukiteleza kidogo.

Jino likiwa gumu mno linavunjika, likiwa laini linavimba ncha kama patasi ya zamani. Chuma cha AR500, chenye ugumu wa karibu 500 kwa kipimo cha Brinell, kinatosha kwa diski nyingi za daraja dogo. Wanaotaka zaidi hutumia chuma cha zana cha S7, kilichotiwa moto hadi karibu 54 kwa kipimo cha Rockwell C. Kwa fremu, plastiki ya UHMW ya milimita 12 ni rafiki: inaliwa, inachanika, lakini haivunjiki vipande, na inanyonya mshtuko ambao alumini ingeupeleka moja kwa moja kwenye lehemu zako. Nyuzi za kaboni zinapendeza kwa uzito, ila zikipigwa kwa ncha hupasuka, na unga wake unapitisha umeme. Unga huo ukiingia kwenye kontrola, mtajua kwa harufu.

Gundi ya kuzuia bolti isilegee iwekwe kwenye chuma kwa chuma pekee. Kwenye polikaboneti inapasua plastiki taratibu. Leo hamwoni kitu, kesho kifuniko kimeachana chenyewe.

Umeme: betri ya litiamu-polima ya seli 4, volti 14.8 za kawaida, 16.8 ikijaa. Pambano la dakika 3 likila wastani wa ampea 10 kwa silaha na 4 kwa magurudumu, jumla ni ampea-saa 0.7. Betri hizi hazipendi kukamuliwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo milliampea-saa 850 hazitoshi kwa kidogo tu, 1,000 zinakupa pumzi kama gramu zile 110 zinaziruhusu. Seli isishuke chini ya volti 3.3 ikiwa inatumika, na kwa kuhifadhiwa iwe 3.8. Chaji kwa ampea 1 kwa kila ampea-saa 1, ndani ya mfuko usioshika moto, na mtu awepo. Betri iliyovimba au iliyoguswa na jino haichajiwi tena, hata ikionyesha volti nzuri.

Nyaya zifungwe mahali ambapo hata fremu ikipinda haziguswi, na kila plagi ifungwe kwa tepu au tai ya plastiki. Roboti nyingi zinazosimama ghafla uwanjani hazijavunjika, plagi imechomoka.

Kwenye meza ya matengenezo, utaratibu usibadilike hata siku moja. Kizuizi cha chuma kinapita kwenye silaha wakati wote roboti iko nje ya uwanja. Ikishawekwa ndani, rimoti inawashwa kwanza, kisha roboti inawashwa kwa kuchomeka kiunganishi, na kizuizi kinatolewa mwisho, mkono ukitokea nyuma, kamwe si mbele ya jino. Mwisho wa pambano roboti inazimwa kwanza, rimoti ndiyo ya mwisho. Mkibadilisha mpangilio huo, roboti inabaki na nguvu huku haina mtu wa kuiamuru. Na kwa hilo hilo, pimeni mapema: ndani ya sanduku la kujaribia lenye kuta za polikaboneti, magurudumu yakiwa hewani, endesheni, kisha zimeni rimoti ghafla. Magurudumu na silaha vikate mara moja. Vikiendelea hata sekunde moja kwa amri ya mwisho, mpangilio wa risiva, yaani kipokezi cha redio, haujakaa sawa, na mashine hiyo haina ruhusa ya kuingia popote.

Kati ya pambano na pambano huwa mna kama nusu saa, na mkono unataka kukimbilia silaha kwa sababu ndiyo inayoonekana imeumia. Anzeni na magurudumu: yafuteni kwa spiriti, vumbi la uwanja linakula ushiko kuliko mnavyodhani. Kisha bolti zote kwa mpangilio mmoja, mbele kwenda nyuma. Kisha beringi kwa kidole. Kisha ncha za uma kwa tupa. Volti za kila seli, si jumla tu, maana jumla inaficha seli mgonjwa. Diski yenyewe iangalieni mwisho, na mtafute ufa kwenye kona za ndani za matundu mliyoyatoboa kupunguza uzito. Ufa wa urefu wa ukucha pale unatosha kuiweka diski kando na kufunga ya akiba.